Siku moja maishani mwangu: kutunza tovuti ya chama cha wapanda milima, Norwei

Ni Alhamisi ya mwisho wa Juni. Saa zote hapa ni za Kiswahili. Saa 1 asubuhi ndiyo 07.00 ya Norwei.

Saa 1 asubuhi. Kwanza nakala rudufu ya usiku. Ujumbe wa "imefanikiwa" hautoshi, angalia ukubwa wa faili. Kama jana ilikuwa GB 2 na leo ni MB 40, hifadhidata imeingia lakini picha zimebaki nje, mara nyingi kwa sababu diski imejaa. Kila mwezi nakala moja hurudishwa kwenye seva ya majaribio, kuhakikisha inafunguka.

Saa 2. Madaraja. Hapa ndipo asubuhi inapokwenda.

Huko Jotunheimen, eneo la milima mirefu la Norwei, mito kadhaa huvukwa kwa madaraja ya kiangazi, yanayowekwa theluji ikipungua na kuondolewa vuli ili mafuriko na theluji visiyavunje. Tovuti ikisema "daraja lipo" kwa habari ya mwaka jana, msafiri atafika ukingoni jioni, wakati maji ya theluji iliyoyeyuka mchana yamejaa kuliko asubuhi, na kibanda anachokwenda kulala kiko ng'ambo. Ndiyo maana ukurasa wa kila njia una sehemu tatu za lazima: hali, tarehe ya kukaguliwa, na aliyekagua. Zikipita siku 14 bila ripoti mpya, ukurasa wenyewe hugeuka na kuandika "haijathibitishwa". Wapo wanaolalamika kwamba tovuti inaonekana imetelekezwa. Walalamike.

Baada ya kubadilisha hali, futa kache (nakala ya muda ambayo seva huwapa wageni) ya ukurasa huo, kisha ufungue kwa simu kwa data ya mtandao wa simu, kwenye dirisha la faragha. Kivinjari cha mhariri aliyeingia kwa nywila mara nyingi huonyesha ukurasa mpya huku wageni wakiona wa juzi.

Saa 4. Utabiri wa hewa umetoweka kwenye kurasa zote, na seva ya idara ya hewa inajibu kosa 403, yaani ombi limekataliwa. Huduma yao ya api.met.no ni ya bure, lakini kila ombi lazima lijitambulishe kwa jina la tovuti na mawasiliano. Plagini (programu ndogo ya nyongeza ya tovuti) iliyobadilishwa jana imefuta utambulisho huo. Unaporekebisha, punguza pia latitudo na longitudo ziwe na tarakimu nne tu baada ya nukta, na usiombe upya kabla ya muda uliotajwa kwenye jibu lao kwisha. Andika na mwinuko kwa mita. Usipouandika, mfumo hukadiria wenyewe, na penye miteremko mikali makadirio hayo hukosea joto.

Masasisho mengine ya plagini yanangoja Jumatatu, isipokuwa ya kuziba tundu la usalama. Kesho watu wanaanza safari.

Saa 6 mchana. Mkate na jibini ya kahawia, mezani hapo hapo.

Saa 7. Tafsiri ya Kiswahili, kwa ajili ya familia kutoka Kongo zinazoishi Norwei. Mashine ya kutafsiri imeandika "maili 2" palipokuwa na "2 mil". *Mil* ya Norwei ni kilomita 10! Safari ya kilomita 20 imegeuka ya kilomita tatu na kidogo, na mtu angeondoka na watoto na chupa moja ya maji. Andika kilomita, basi. Na "kl. 9" iwe "saa 3 asubuhi (09.00)", zote mbili, maana basi halimngoji aliyechanganya saa. Sheria za kambi zibaki na namba zake: hema mita 150 kutoka nyumba au kibanda kinachokaliwa, na moto wa wazi msituni na karibu na misitu umepigwa marufuku kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba.

Saa 9 alasiri. Picha na ramani. Picha ya MB 6 hupunguzwa hadi upana wa pikseli 1600, chini ya KB 250, kwa sababu mlimani mtandao ni wa kubahatisha. Faili ya GPX, yaani ya njia aliyopita mtu, iliyorekodiwa kwa simu hukatwa mwanzo na mwisho, la sivyo ramani itaonyesha nyumba ya aliyeirekodi.

Saa 11 jioni. Kufunga uandikishaji wa safari. Fomu inapaswa kufungwa saa 12 kamili. Seva inayofuata UTC, saa ya kimataifa, itaifunga saa 2 usiku, kwani kiangazi Norwei iko mbele kwa saa mbili. Chagua "Europe/Oslo" kwenye mipangilio, si "+2", vinginevyo Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zikirudishwa nyuma, kosa litaibuka upya.

Saa 3 usiku. Jua bado lipo. Ujumbe kutoka kwa mhudumu wa kibanda: daraja moja limesombwa na maji. Hali: "limefungwa". Tarehe: leo. Aliyekagua: mhudumu. Futa kache, fungua kwa simu, kisha watumie baruapepe wote walioweka nafasi ya kulala ng'ambo kesho.