Aliyelia na Aliyeleta Karatasi

Nyumba ya marehemu mama haiuzwi. Naliandika hili mapema ili wanaonisimamisha sokoni Mgandini, hapa Tanga, kuniulizia nyumba hiyo wapate jibu lao, na dalali naye aipumzishe simu yangu. Lakini kilichonikalisha usiku huu ni namna tulivyofikia uamuzi, kwa sababu tangu kikao kile cha mirathi siwasikilizi watu kama nilivyokuwa nikiwasikiliza.

Tuko wanne: kaka mkubwa, mimi dada yake, mdogo wangu wa kiume, na binti kitinda mimba. Baba alitangulia zamani, wazazi wa mama pia. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mambo yalikuwa mepesi. Yakishatoka madeni na gharama za mazishi, na wasia kama upo, usiozidi theluthi, kinachobaki kinakatwa mafungu 6: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Shekhe alimaliza hesabu hiyo kahawa ingali moto. Ugomvi ulianza baada ya hesabu kwisha, na hilo peke yake lingetosha kutuonyesha kuwa hatukuwa tukigombania hesabu.

Mdogo wangu wa kiume alikuja na karatasi. Kaandika kila kitu: bei ya mnunuzi anayetaka kubomoa ajenge fremu za maduka, gharama ya kuezeka upya, kodi ya jengo, kodi kiduchu tunayopata kwa vyumba viwili vya mbele. Akaisoma taratibu, kisha akasema, "Jamani, tusiongee kwa hisia. Tuongee kwa akili." Kitinda mimba akaanza kulia. Kaka mkubwa akasema kuuza nyumba ya mzazi ni kujitafutia laana. Mimi nilikuwa na hasira, na nilikuwa sijui namkasirikia nani.

Mtu aliyetuokoa ni mjomba. Na naomba mlizingatie hili: mjomba hakuwa na fungu. Mtoto wa kiume wa marehemu akiwepo, ndugu wa marehemu harithi. Kwa hiyo mle ukumbini yeye pekee hakuwa na cha kupata wala cha kupoteza, na alikuwa kamjua mama kabla yetu sote. Ningekuwa na uwezo ningeweka mtu wa aina hiyo katika kila kikao cha familia Ngamiani nzima.

Alimgeukia anayelia. "Mwanangu, unalilia nini?"

Sisi tulidhani anambembeleza. Kumbe anauliza, anataka jibu. Akasubiri mpaka akalipata. Kitinda mimba wetu aliacha kazi ya ushonaji kwa watu ili amuuguze mama, akahamishia cherehani ukumbini, na wateja wakauzoea mlango ule. Kwa fungu moja kati ya sita hapati kiwanja mjini, labda asogee nje huko Pongwe, na mteja wa kupunguza gauni hapandi gari kwenda Pongwe. Hana mume wala mshahara. Alitaja anachoingiza kwa mwezi wa kawaida na anachoingiza mwezi wa Ramadhani kuelekea Idi. Zote zilikuwa hesabu, tena safi, ila zilitoka zimelowa machozi, na sisi tulikuwa tumeshaziweka upande wa hisia kabla hatujazisikia.

Kisha mjomba akamgeukia mwenye karatasi. "Na wewe, baba, unaogopa nini?"

Akasema haogopi kitu. Mjomba akanywa kahawa yake, hana haraka. Baadaye likatoka: mkopo wa kausha damu, riba inahesabiwa kwa wiki, na pikipiki yake imewekwa dhamana. Mkewe hajui. Karatasi ile haikudanganya hata mstari mmoja. Lakini swali lake lilikuwa limechaguliwa na hofu: lilihesabu vizuri kabisa kutoka leo hadi mwisho wa mwezi, likaishia hapo. Miaka ya mbele, kodi ya vyumba ikitunzwa, mlango wa cherehani, vyote havikuwa na mstari.

Ya kaka mkubwa nitayapita. Ni mtu mzima, na haya anayasoma.

Kuna daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, António Damásio, Mreno aliyefanya kazi miaka mingi Iowa, Marekani, ambaye alieleza habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot. Elliot alitolewa uvimbe kwenye ubongo wa mbele. Akapona, akili yake ikapimwa ikaonekana nzima, kumbukumbu nzima, maneno mazima. Kilichopungua ni hisia: alisimulia mikasa yake mwenyewe kama anayesoma habari za mtu wa mbali. Mtu huyu angepaswa kuwa bingwa wa maamuzi, kwa jinsi tunavyohubiriwa. Badala yake alipoteza kazi, akapoteza akiba kwenye biashara za ovyo, ndoa ikavunjika. Kazini aliweza kumaliza mchana mzima akifikiri apange makaratasi kwa utaratibu gani. Kila njia aliweza kuieleza, na hakuna iliyomgusa kuliko nyenzake.

Nimemfikiria sana Elliot tangu kikao kile. Anayetuambia tuziache hisia mlangoni hajui anachoomba. Huenda pia hajajua kuwa yeye mwenyewe kaingia na za kwake mfukoni.

Sisi watu wa Tanga tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kuuchukua mji ulioishia kulindwa na watu kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Kwa tarakimu, vita ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Jenerali Aitken wa Waingereza hakujishughulisha kupeleleza vya kutosha, na muda uliopotea ukawapa Wajerumani nafasi ya kuleta askari kwa treni. Waingereza walirudi melini wameacha nyuma bunduki na risasi chungu nzima. Vijiweni tunapenda kusimulia nyuki waliowavamia porini, na kweli waliwavamia. Lakini nyuki tunawapa sifa nyingi mno. Kilichompiga Aitken ni dharau, na dharau ni hisia kama hofu na huzuni zilivyo. Tofauti yake ni kwamba anayo yule anayejiona ametulia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila chozi lina hoja. Nimeona vilio vya kunyamazisha watu, tena kwenye ukoo wetu huu huu, na nimeona hasira ya kuwafanya wengine waogope kuuliza. Ukitaka kuzitofautisha, uliza kama mjomba, halafu ukae kimya. Mwenye hoja atajibu, hata kama itamchukua muda apate pumzi. Asiye nayo atalia zaidi, au atakwambia humpendi. Kwa mwenye karatasi ni vilevile. Mwenye hoja atakuonyesha mstari alioukosa. Asiye nayo ataisoma upya kwa sauti kubwa.

Tulichokubaliana ni hiki. Mdogo wangu wa kiume ameuza mafungu yake kwetu watatu, kwa bei tuliyoridhiana mbele ya shekhe, ingawa mimi bado naona ni kubwa kidogo na nimemwambia. Malipo ya kwanza yamekwenda moja kwa moja kwa mwenye mkopo, pikipiki imerudi, na mkewe ameshaambiwa. Hilo la mkewe mjomba alilifanya sharti. Kitinda mimba anabaki na chumba cha uani na ukumbi wake, fungu lake la malipo linakatwa kwenye kodi ya vyumba vya mbele. Paa litaezekwa kabla ya masika, kama fundi ataacha kutuzungusha. Mwezi huu zamu ya kulipa ni ya kaka mkubwa. Ametuma nusu, anasema nyingine Ijumaa.