Mikono ilianza kutetemeka, na mi nikajiongezea dozi

Nianze na upumbavu wangu ili tumalizane nao mapema. Nina kifafa, natumia valproeti, na miezi kadhaa baada ya dozi kupandishwa mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo tu, yani unaona maji yanacheza kwenye kikombe afu unajiambia labda sijalala vizuri. Baadae ikawa kijiko kinagonga meno, sahihi yangu haifanani na sahihi yangu, kutia uzi kwenye sindano ndo sahau kabisa. Mama akanitazama siku moja akasema, "Mwanangu, ugonjwa unarudi." Nikaamini, maana ukishawahi kuanguka mbele za watu, kila kinachojitikisa mwilini unakihesabu ni kifafa. Usiku huo nikaongeza kidonge kimoja bila kumuuliza mtu, na kesho yake hivyo hivyo. Siku nne baadae mikono hovyo zaidi.

Kumbe ni dawa yenyewe.

Daktari hakuanza na mashine. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, vidole viachane, akaviangalia weee. Afu niilaze mapajani, ikatulia tuli. Afu akanipa kalamu nichore mstari unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama ganda la konokono, wa kwangu ukatoka na meno meno ka msumeno. Akasema mtetemeko wa valproeti ndo tabia yake, unakuja ukinyoosha mkono au ukishika kitu, ukiupumzisha unapungua au unaisha, na mara nyingi dozi ikipanda nao unapanda. Kwahiyo mi siku zote nne nilikua nazima moto kwa petroli.

Akauliza tena, ukitetemeka hivyo unasikia watu wanachosema? Nasikia. Unaongea? Naongea vizuri tu. Kwangu hilo lilisaidia sana kwa sababu kifafa changu ni cha kupoteza fahamu, ila akanionya nisiende kulihubiri kwa kila mtu, maana kipo kifafa cha misuli kushtuka, hasa asubuhi mtu akitoka kuamka, mkono unarusha kikombe huko na mwenyewe yupo macho anajielewa kabisa. Ndo maana alitaka pia video niliyojirekodi na simu (niliona aibu kuionyesha, ilikua ya mi napambana na kifungo cha shati).

Dawa zingine za kifafa nazo zina vituko vyao. Fenitoini ikizidi kwenye damu macho yanachezacheza yenyewe, mtu anayumba ka mlevi, na wengine, ingawa ni wachache, mikono na uso vinajinyonganyonga. Ubaya wake ni kwamba kiwango cha kawaida kwenye damu ni mikrogramu 10 mpaka 20 kwa mililita, na ukishakaribia huko juu nyongeza ndogo tu ya dozi inakirusha mbali, sasa piga picha mtu wa tabia yangu ya kujiongezea ndo angekua kwenye hiyo. Gabapentini inaweza kuleta misuli kushtukashtuka, zaidi kwa mwenye figo dhaifu.

Na usije ukasoma hapa afu kesho ukaamka umeacha dawa! Kuacha ghafla kunaweza kukuletea kifafa kisichokatika, na kikizidi dakika 5 hiyo ni dharura, hakuna kusubiri. Mimi dozi ilishushwa pole pole, nikabadilishiwa vidonge vinavyoachia dawa taratibu, na nikaambiwa isipotosha kuna propranololi, ile ya presha, ila kwanza aliuliza kama nina pumu kwa sababu mwenye pumu haitakiwi.

Baada ya wiki kadhaa kijiko kikaacha kugonga meno. Haijaisha yote, nikikosa usingizi au nikizidisha kahawa mkono unanikumbusha. Mama bado ananijazia kikombe nusu, na mi sijamwambia aache.