Ametoka Afrika, tena kwa Meli

Leo asubuhi pale Kengeleni, hapa Mombasa, kijana mmoja alipanda matatu, akainama mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika na wote: "Habari za asubuhi, jamani." Gari lilikuwa karibu kujaa. Hakuna aliyejibu. Mama niliyekaa naye akaukumbatia mkoba wake vizuri zaidi, kana kwamba salamu ni mbinu mpya ya wezi. Kijana akakaa, akatia visikizio vyake masikioni, mambo yakaisha hapo.

Mimi yalianza hapo. Mpaka nafika kazini kichwa changu kilikuwa Barbados, kule visiwa vya Caribbean.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2018, nikiwa kwenye meli ya watalii, ile ya pili niliyofanyia kazi, si ile ya kwanza niliyoilalamikia hapa mpaka mkachoka. Bado nilikuwa natandika vitanda. Siku za bandarini ukimaliza vyumba vyako vya asubuhi unapata masaa machache kabla ya zamu ya jioni, na masaa hayo ndiyo maisha yako yote. Wengi wetu tulikuwa tunayamalizia palepale kwenye jengo la abiria, tumekaa sakafuni, migongo ukutani, tunatafuta intaneti ya bure tuongee na nyumbani. Bandari nyingi za Caribbean nilizijua kwa sakafu zake.

Siku hiyo ya Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, tulipanga kwenda mjini mimi na mwenzangu wa kibini, Mfilipino. Hakufika mbali. Alikuwa amevaa kaptura ya madoa ya kijeshi, akazuiliwa hata kabla hajaliacha geti, maana Barbados raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya aina hiyo, hata mtoto mdogo. Akarudi ngazini akinung'unika kwa Kitagalogi. Nikaenda peke yangu.

Nje ya geti ndipo penye mtihani wa kwanza wa kila kisiwa: madereva wa teksi. Wamebeba picha za kasa, picha za pango la Harrison's Cave, picha za fukwe, na wanakuita "dada" kwa upole mkubwa. Teksi za Barbados hazina mita, mnapatana bei kabla ya kuingia. Niliulizia moja kwa kujifurahisha tu. Bei niliyotajiwa ilimfaa abiria wangu, si anayemtandikia kitanda. Nikashika njia kwa miguu, nikalipita soko la samaki, mpaka Broad Street kwenye maduka ya dhahabu na manukato. Si mwendo mrefu, ni jua tu. Mbele kidogo, kwenye uwanja wao wa mashujaa wa taifa, alikuwa bado amesimama Nelson, yule amirali wa Kiingereza, sanamu iliyowekwa 1813. Walimshusha Novemba 2020. Mimi nilimkuta na njiwa kichwani.

Sasa usafiri wenyewe. Kisiwa kizima ni kama kilomita 34 kwa 23, na magari ya umma yako ya aina tatu: mabasi ya serikali ya buluu yenye mstari wa manjano, mabasi madogo ya manjano yenye mstari wa buluu, na vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee. Hivi vya mwisho vinaitwa ZR, kwa zile herufi zinazoanza kwenye namba zao. Nauli ilikuwa moja kwa yote, uende karibu uende mbali: dola 2 za Barbados, ambazo ni dola 1 ya Marekani, kwa sababu pesa yao imefungwa kwa kiwango hicho tangu miaka ya sabini. (Mwaka uliofuata nauli ilipanda ikawa 3.50.) Na vibao vya vituoni haviandiki majina marefu. Kimoja kinakuambia gari linaenda mjini, kingine kinakuambia linatoka mjini. Basi. Nani atapotea hapo?

Nilipofika steji ya River sikuhitaji kuelekezwa na mtu. Muziki ulikuwa unasikika kabla gari halijaonekana. Makanga ananing'inia mlangoni akiita abiria, dereva anakanyaga mafuta bila kwenda popote, na wanaendesha mkono wa kushoto, kama kwetu. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikachukua namba 11, inayofuata pwani ya kusini kupitia Hastings, Worthing na Oistins mpaka Silver Sands.

Kila aliyeingia alisalimu. Hilo sikulitegemea. Gari la kelele vile, besi inatikisa viti, na bado kijana mwenye rasta mpaka kiunoni anainama mlangoni: "Habari za asubuhi." Na gari zima linamjibu. Anaingia mwanafunzi, habari za asubuhi, anajibiwa. Anaingia mwanamume na galoni mbili za rangi ya nyumba, anajibiwa, na galoni zake zinapokelewa na kuwekwa mapajani mwa watu asiowajua. Nami nilisalimu nilipoingia, kwa Kiingereza changu cha Kisauni, nikaona vichwa viwili vitatu vimegeuka.

Nilibanwa kati ya dirisha na bibi mmoja mwenye kofia ya majani na beseni tupu la plastiki. Alinitazama kwa muda, bila haya, kama wanavyotazama watu wazima.

"Wewe si wa hapa," akasema.

"La, mama."

"Guyana."

"La."

"Saint Vincent, basi. Una sura ya Saint Vincent."

"Natoka Kenya, mama."

Akanigeukia mzima mzima, beseni likagonga goti langu. "Kenya ya Afrika?"

"Ndiyo, ya Afrika."

Makanga alikuwa ameshasikia. Akamgonga dereva begani, muziki ukapunguzwa. Mwanamume wa galoni akauliza kama nakimbia mbio. Nikasema mimi nakimbilia kazi tu. Wakacheka kidogo, kwa adabu. Halafu yule bibi akauliza swali la kawaida kabisa, swali ambalo mtu yeyote angemwuliza mgeni:

"Na huku umefikaje?"

"Kwa meli," nikasema.

Niliona lile neno likimwingia. Alinyamaza. Mdomo ulibaki wazi kidogo, akatazama mbele, halafu akanitazama tena, na mabega yakaanza kutikisika kabla sauti haijatoka. Alipocheka, alicheka na beseni lake. "Mmesikia?" akawaambia wenzake akilipiga kwa kiganja. "Huyu binti ametoka Afrika, tena kwa meli!"

Kukawa kimya kwa nukta moja, labda mbili. Kisha sauti ya mzee ikatoka kiti cha nyuma kabisa, kavu, haina haraka:

"Mwulize kama ana tiketi ya kurudi."

Gari lililipuka. Sijapata kusikia kicheko cha namna ile ndani ya gari, si kabla, si baada. Mwanafunzi alijifunika uso na begi. Dereva alipiga usukani. Makanga, ambaye kazi yake ni kuwa na neno la mwisho, aliuliza kwa taabu, "Unarudi lini, dada?" nami kwa ujinga wangu wa kujibu kila ninachoulizwa nikasema mkataba wangu unaisha mwezi wa sita.

"Ana mkataba!" bibi akalia. Machozi yalikuwa yanamtoka kwelikweli, anayafuta kwa ncha ya kofia. "Wamempa mkataba! Na pesa wanakupa, mwanangu?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo," akasema, akishika mkono wangu. "Kidogo ni kidogo. Lakini wewe wamekuanzishia na kitu."

Nilicheka nao. Ningefanyaje? Lakini nilikuwa nacheka nikiutazama ule mkono wake juu ya wangu, ngozi ileile, mishipa ileile ya nyanya yangu, na nikijua kwamba saa kumi na moja jioni nitakuwa nimepiga magoti bafuni mwa mtu, nasugua. Dirishani bahari ilikuwa inatokea na kupotea katikati ya nyumba. Buluu yake haina kosa lolote.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa. Babu wa babu yangu aliteremshwa pale Kisauni miaka ya 1870, mtoto wa Kiyao, kutoka manowari ya Kiingereza iliyokuwa imelikamata jahazi lililompakia. Ndivyo tulivyosimuliwa nyumbani. Jina alilozaliwa nalo hakuna anayelijua, wamishonari walimpa la kwenye Biblia na ndilo tunalolitumia mpaka leo. Ile kengele ambayo matatu zinasimama mbele yake kila siku iliwekwa ili ipigwe wafanyabiashara wa watumwa wakionekana. Kwa hiyo meli naifahamu. Meli moja ilimchukua, nyingine ikamshusha, na haikumshusha kwao.

Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni mle ndani ya ZR. Sikuyasema. Kicheko kilikuwa chao, walikuwa wamekifanyia kazi kwa miaka mingi kuliko mimi, na kukiingilia na habari za babu yangu kungekuwa kama kwenda matangani ukaanza kulia marehemu wako mwenyewe. Labda. Au labda ndicho walichokuwa wanakingoja, mtu wa upande wa pili aseme neno. Hili sijaliamua bado, na miaka inakwenda.

Bibi alishuka kabla yangu, karibu na Maxwell. Makanga alipompokea beseni, bibi akampa sarafu na kunionyesha kwa kidevu.

"Na huyu wa Afrika pia," akasema. "Wale wa kwanza hawakutozwa nauli. Na yeye asitozwe."

Safari hii hawakucheka sana. Makanga alizipokea zile sarafu, muziki ukapandishwa tena.

Yaliyobaki ni ya haraka. Oistins wanawake walikuwa wanachuna wale samaki wao warukao, mkono na kisu kama kitu kimoja, mifupa inatoka mizima. Nikala samaki na cou-cou, unga wa mahindi uliosongwa na mabamia, nikashiba vibaya. Nikachukua ZR nyingine kurudi mjini, nikasalimu mlangoni kama mwenyeji, nikajibiwa kama mwenyeji.

Nilikuwa na nusu saa mkononi kwa saa ya meli, na sisi wafanyakazi tunatakiwa ndani kabla ya abiria, lakini mwanamume wa galoni alikuwa ameniambia nisiondoke bila kuuona mbuyu. Ndiyo, mbuyu. Uko Queen's Park, bustani ambayo zamani ilikuwa makazi ya kamanda wa majeshi ya Uingereza, na kiuno chake ni karibu mita 18. Inasemekana asili yake ni Guinea, kwamba uliletwa karne ya 18. Nilizunguka nyuma nikitafuta misumari, vitambaa vyekundu, ubani, chochote. Hakuna. Mbuyu mkubwa vile na hauna hata jini mmoja wa kuuchunga.

Pale chini walikuwa wazee wawili, mume na mke, nao nikawatambua kabla hawajageuka. Nilikuwa nawatandikia. Nilijua dawa zao za presha ziko upande gani wa kitanda na nani kati yao analala na soksi. Wao hawakunitambua. Bila ile sare nilikuwa mwanamke wa Barbados aliyesimama bustanini. Mama akanipa simu yake, akaniomba kwa upole niwapige picha. Nikawapiga, wima na ulalo, na moja ya kuonyesha matawi.

"Samahani," akasema nilipomrudishia, "mti huu watu wa hapa wanausimuliaje?"

"Umetoka Afrika," nikamwambia. "Kwa meli."

"Aa," akasema mumewe, akitikisa kichwa taratibu. "Inapendeza sana." Wakanishukuru, wakaniachia dola tano.

Nilizichukua. Jioni niliwakunjia taulo umbo la tembo, nikaliweka katikati ya kitanda.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi hapa Mombasa, kwenye harusi, kwenye foleni ya benki, mara moja hata kanisani. Nakipanga vizuri: salamu, beseni, yule mzee wa nyuma na tiketi yake ya kurudi. Nikifika pale pa kucheka nanyamaza kidogo niwape nafasi. Wananitazama kwa makini. Halafu mmoja wao, na kila mara yuko, anasogeza kiti na kuuliza mshahara ulikuwa ngapi, na kama ile kampuni bado inaandika watu.