Maikroni 498

Ramani ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, huchukuliwa kwanza, kabla ya tone lolote kuingia jichoni. Ganzi huvuruga ngozi ya juu, na ncha ya kupimia presha ikishaigusa konea, ramani inayofuata haiaminiki. Binti aliyenipima Nairobi asubuhi ile aliujua mpangilio huo, nami nikatulia. Mimi ni fundi miwani Mombasa. Nilikuwa na miaka 38, sioni mbali, -7.00 macho yote mawili, na baada ya miaka mingi ya kuwakatia wengine lenzi nikaona zamu yangu ya kupasuliwa kwa leza na kuacha miwani imefika.

Masharti niliyatimiza. Kontakti laini, lenzi zinazokaa juu ya jicho lenyewe, niliziacha wiki mbili kamili kabla ya safari, kwa sababu huikandamiza konea ikawa na umbo lisilo lake. Anayevaa zile ngumu husubiri wiki nne au zaidi. Nilibeba na vipimo vya miaka mitatu: -6.75, -7.00, -7.00. Namba ikisogea zaidi ya nusu dayopta, kipimo cha nguvu ya lenzi, kwa mwaka, daktari makini hakugusi. Leza huchonga kwa namba ya leo, ya mwakani haiijui.

Kidevu kikombeni, paji la uso kwenye mkanda. "Fumba, fumbua, usipepese, kaka." Jicho la kulia mara tatu, la kushoto mara tatu. La kushoto akalirudia tena, akainamia skrini, hakusema kitu.

Kisha machozi. Kikaratasi cha upana wa milimita 5 hukunjwa ncha na kuning'inizwa ndani ya kope la chini, upande wa nje, dakika tano. Kabla ya kukiweka alizima feni, jambo ambalo wengi hulisahau halafu wanamwambia mtu ana macho makavu. Yangu yalilowanisha milimita 9 na 11. Kumi kwenda juu ni salama, chini ya tano ni ukavu hasa. Tisa si mbaya, ila upasuaji hukata mishipa midogo ya fahamu inayoliamuru jicho kutoa machozi, na aliyeingia na machozi haba huishi na chupa ya matone kwa miezi.

Unene wa konea: kulia 498, kushoto 503. Maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Konea ya kawaida iko kwenye 540. Wateja wangu huuliza bei na kama inauma. Wangeanza na namba hii.

Nikatoka koridoni, nikageuza risiti ya basi na kupiga hesabu. Kwenye LASIK, upasuaji wa leza wa aina ya kwanza, hukatwa kifuniko cha maikroni 110 hivi, kikafunuliwa kama ukurasa, leza ikachonga chini yake, kikarudishwa. Hakiungi tena kwa nguvu za mwanzo, kwa hiyo kwenye uimara wa jicho hakihesabiki. Kina cha kuchonga: eneo la milimita 6.5, zidisha 6.5 kwa 6.5, gawanya kwa 3, ni maikroni 14 kwa kila dayopta. Mara saba, karibu 99. Ukitoa 110 na 99 kwenye 498 zinabaki 289. Kiwango cha chini kabisa ni 250, lakini wengi hawakubali chini ya 300. Tena 209 kati ya 498 ni asilimia 42, na ikipita 40 hatari ya konea kulegea na kubenuka baadaye inapanda. LASIK nikaikata kwa kalamu.

Ikabaki PRK, aina ya pili. Hiyo haina kifuniko: ngozi ya juu, maikroni 50 hivi, hulainishwa kwa alkoholi ya asilimia 20 kwa nusu dakika, ikakwanguliwa, leza ikapita. Zinabaki 349, na ngozi huota tena. Gharama yake ni siku tatu za jicho kuwaka kama limeingia pilipili, kontakti ya kuzibia kidonda siku nne au tano, na kuona kunakorudi polepole kwa wiki kadhaa. Namba kubwa kama yangu huweza kuacha ukungu, ndiyo maana hupakwa dawa ya mitomaisini ya asilimia 0.02, na miwani ya jua haivuliwi kwa miezi. Kwa jua la Mombasa, si mzaha. Nilikuwa tayari.

"Kaka, unafikicha hivyo tangu lini?"

Binti alikuwa mlangoni. Kifundo cha kidole changu kilikuwa juu ya jicho la kushoto, kinasaga. Tangu utoto, nikamwambia, vumbi, mzio. Akaliandika.

Daktari alinionyesha ramani bila maneno mengi. Jicho la kushoto, rangi nyekundu imekaa chini kama tone linalotaka kudondoka: nusu ya chini imezidi ya juu kwa dayopta 1.6, wakati shaka huanza 1.4. Na mgongo wa konea umeinuka mahali pale pale. Hiyo inaelekea keratokonasi, konea inayochongoka, na kufikicha huisukuma mbele. Ukichonga konea ya namna hiyo, hata kwa PRK, unaipunguzia nguvu ile kidogo iliyo nayo. La kulia lilionekana zuri, lakini ugonjwa huu ni wa macho mawili. Mara nyingi hutangulia tu kuonekana upande mmoja.

"Daktari, na ile lenzi ya kuwekwa ndani ya jicho?"

"Tutaizungumza ramani ikitulia. Kwanza acha kufikicha."

Nikapewa matone ya mzio, kitambaa cha maji baridi kwa kuwashwa, na ramani kila baada ya miezi sita. Mchongoko ukiongezeka dayopta moja kwa mwaka, konea hukazwa: matone ya riboflavini (vitamini B2) nusu saa, mwanga wa urujuanimno nusu saa.

Akanitanua mboni kuangalia retina, pazia la nyuma ya jicho, pia. Jicho la -7.00 ni refu, retina yake imevutika, na leza hailifupishi. Ukaguzi huo ningeuhitaji hata kama ningepasuliwa.

Wiki iliyofuata nilijikatia lenzi za 1.67, zile nyembamba za namba kubwa, kwenye fremu ndogo ya duara, milimita 44, ili kingo zisinenepe. Glavu za pamba nikaanza kulala nazo, maana usiku mkono hufikicha wenyewe.