Dalali na Mwali

Jirani yetu ameletewa vifaranga vya perege kwa ajili ya bwawa lake jipya, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni. Watoto wa mtaa mzima waliizingira mifuko ile. Wangu akanivuta mkono: "Mama, mbona wanageuka wote kwa pamoja? Nani anawaambia?"

Tangu juzi akili yangu iko Morogoro, mwaka wa mwisho wa masomo, kwenye tangi la kioo tulilopewa mimi na mwenzangu. Upande mmoja tuliweka kigae cha chungu, pa kujificha. Upande wa pili ulikuwa wazi kabisa, na huko ndiko tulikonyunyiza unga wa dagaa. Kwanza tuliwapima samaki mmoja mmoja, nani anawahi kutoka na nani anachelewa. Tulipima tena siku nyingine na nyingine, na waliowahi waliendelea kuwahi. Wataalamu huita hiyo haiba, na nakiri neno hilo lilinigusa, kwa kuwa nilikuwa nimelelewa nikiamini samaki ni samaki. Mwenye mkia uliochanika alitoka mapema karibu kila mara, tukampa jina la Dalali. Mwingine, ambaye doa lake jeusi la pezi la mgongoni lilikolea kuliko ya wenzake, tulimsubiri hadi macho yakauma. Huyo akawa Mwali.

Kisha ikaja asubuhi ya kuwaweka pamoja, wanne.

Dalali akatoka. Akafika katikati ya tangi, akasimama, mapezi ya ubavuni yakipepea polepole. Nyuma yake hakuna mtu. Akageuka, akarudi kigaeni kwa kasi kuliko alivyotoka. Baadaye akatoka tena, safari hii hakufika hata katikati. Mwenzangu alikuwa ameshika kalamu hewani. Ndipo Mwali akachungulia. Kichwa tu, hadi kwenye matamvua, mdomo ukifunguka na kufumba. Akasogea nje kidogo, urefu wa ukucha. Dalali, aliyekuwa ameshaanza kugeuka, akanyooka, akapiga mkia mara moja na kwenda moja kwa moja hadi kwenye chakula, Mwali ubavuni mwake, na wale wawili wakafuata bila kusita.

Kwenye karatasi palikuwa na safu ya kuandika nani kaongoza. Mwenzangu aliandika Dalali. Mimi nilitaka Mwali. Tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga mlango.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kazi ya watafiti wa Cambridge, ya mwaka 2009, waliopima jozi za samaki wadogo wenye miiba mitatu mgongoni. Waliona kwamba jasiri humfanya mwoga afuate zaidi, na mwoga, kwa kufuata kwake, humfanya jasiri aongoze zaidi. Mwaka 2011 Iain Couzin, mtafiti wa mienendo ya makundi ya wanyama, na wenzake wakaonyesha jambo jingine: samaki wachache waliofunzwa kushikilia upande mmoja kwa msimamo mkali wanaweza kuliburuta kundi, lakini ukiongeza samaki ambao hawakufunzwa upande wowote, uamuzi hurudi kwa walio wengi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka marehemu mama kwenye vikao vya ukoo, amekaa mkekani, hasemi kitu, na wajomba wote wakimtupia jicho kabla ya kufunga neno.

Mwenzangu sasa ni afisa uvuvi, na tukizungumza kwa simu bado anamtetea Dalali. Ana hoja ambayo sijaweza kuijibu vizuri. Samaki wale hawakuwa wamelishwa tangu jana yake, na njaa humtoa hata mwoga. Kwa hiyo huenda Mwali alitoka kwa sababu ya tumbo lake tu, wala hakumjali aliyekuwa mbele. Inawezekana. Lakini njaa ilikuwa ya wote, na Dalali, pamoja na njaa yake, alikuwa amesharudi.