Osmosisi niliielewa kwenye tanki la kayabo

Kidato cha nne nilipata F ya Baiolojia, na nilistahili. Tangu kidato cha pili nilikuwa nimekariri sentensi mbili za Kiingereza kama mtu anayekariri namba za simu. Difusheni: vitu hutoka penye wingi kwenda penye uchache. Osmosisi: maji hutoka penye uchache kwenda penye wingi. Uchache wa nini? Wingi wa nini? Sikuuliza. Kwenye mtihani nikaandika ya huku kule.

Baba akanipeleka kwa shangazi Igombe, kando ya Ziwa Victoria kule Mwanza, nimsaidie kazi huku nikijisomea kurudia mtihani. Shangazi anatengeneza kayabo, yaani sangara wa chumvi, wale wanaopakiwa soko la Mwaloni Kirumba na wengi wao kuishia Kongo. Kazi yangu ilikuwa kupasua samaki, kutoa matumbo, kuchanja minofu, kisha kupanga kwenye tanki: safu ya samaki, safu ya chumvi. Chumvi kavu kabisa, hakuna hata kikombe cha maji kinachotiwa.

Kesho yake asubuhi nikafunua turubai nikakuta samaki wanaogelea tena. Nikajua mvua imeingia na mimi ndiye niliyefunika vibaya.

"Mvua gani, we mtoto?" shangazi akacheka. "Hayo maji yao wenyewe. Chumvi imewakamua."

Nilibaki nimeshika turubai. Ndani ya seli za samaki kuna maji mengi na chumvi kidogo. Nje chumvi tele, maji hakuna. Basi maji yametoka yalikokuwa mengi yakaenda yalikokuwa machache. Mbona hiyo ni difusheni ileile! Ule "uchache" niliokariri miaka yote ulikuwa wa chumvi, si wa maji. Osmosisi ni maji tu yanayosambaa, ila yanapita kwenye utando unaoyaruhusu yenyewe na kuizuia chumvi au sukari. Baadaye nilisoma kwamba utando huo una vijitundu maalumu vya kupitisha maji, na Mmarekani Peter Agre alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua.

Lakini furaha yangu ilidumu mpaka mchana, nilipoonja kayabo. Chumvi mpaka ndani! Kama utando unaizuia, imepitaje?

Nikachukua kiazi mviringo jikoni, nikakata vipande vitatu virefu, kimoja nikakichemsha. Kibichi cha kwanza nikakitia kwenye maji ya chumvi, cha pili na kile cha kuchemsha kwenye maji ya ziwa. Jioni, kile cha kwenye chumvi kilikuwa kimenywea, unakikunja kama raba. Kibichi cha maji ya ziwa kilikakamaa, ukikikunja kinavunjika kwa mlio. Cha kuchemsha kilibaki teketeke vilevile. Moto ulikuwa umeua seli zake, na utando uliokufa haubagui tena. Ndivyo ilivyo kwa samaki aliyekufa: mwanzoni maji yanakamuliwa, lakini kadiri tando zinavyoharibika chumvi nayo inasambaa kuingia. Mambo mawili kwenye tanki moja, moja likitoka, jingine likiingia.

Kuchanja nako nilikuja kukuelewa kwa hasara. Siku moja nilichoka, sangara mkubwa mmoja nikamtupia tankini bila kumchanja. Tulipomtoa, nje alikuwa mzuri, karibu na mfupa ananuka. Shangazi hakusema neno, alinikabidhi tu nikamzike. Difusheni ni ya haraka mahali pembamba na mvivu wa kutupwa mahali panene: umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa kama mara nne. Chumvi haikuwahi kufika kwenye mfupa. Kumbe ndiyo sababu mojawapo seli zetu ni ndogo vile. Oksijeni ingesubiriwa mpaka lini?

Niliporudia mtihani, kwanza niliandika pembeni kwa penseli, kwa Kiswahili: "Maji mengi yako wapi?" Ndipo nikajibu kwa Kiingereza. Nilipata C. Kwa mtu wa F, ile ilikuwa sherehe.

Nilipokwenda kumshukuru shangazi nikamweleza yote. Alisikiliza huku akipara magamba, halafu akaniuliza swali ambalo hata kwenye mtihani halikutokea: "Sasa sato aliye hai ana chumvi mwilini kuliko ziwa. Mbona maji hayamjai akapasuka?"

Nikamwambia yanamwingia kweli, kutwa kucha, kupitia mashavu, yaani matamvua anayopumulia. Ndiyo maana hana haja ya kunywa, na anakojoa muda wote, mkojo mwingi mwepesi, huku mashavu yakidaka chumvi kutoka kwenye maji.

Shangazi akaitazama ndoo tuliyotoka kuchota ziwani. "Samaki wote hao?"

"Wote, shangazi."

"Basi chai ya leo utakunywa peke yako."