Nilivyotengeneza fonti ya gemu inayokubali Kiswahili

Nimekulia Ngamiani, Tanga, na mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja ana kibanda, ndani kaweka TV za chogo mbili na zile gemu za kaseti za njano, unatoa shilingi 50 unacheza mpaka ufe, ukifa unampisha mwenzako. Mashine zenyewe zilikuwa kopi za Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani 1983, ila sisi hayo hatukuyajua, tulikuwa tunaita TV gemu basi. Wenzangu macho yote kwa Mario, mi nilikuwa naangalia herufi. Zile herufi nene za mraba zinazoandika pointi pale juu, nilikuwa nikirudi nyumbani nachukua daftari la hesabu lile la viboksi nazichora kwa peni, kiboksi kimoja kimoja.

Sasa mwaka jana mimi na mpwa wangu tukaanza kutengeneza kagemu ketu kadogo, ka konda wa daladala anayekusanya nauli na kukimbizana na trafiki, yeye anaandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, kwenye Godot, programu ya kutengenezea gemu, mi nachora. Tukakubaliana skrini iwe ndogo kama ya Game Boy, ile gemu ya mkononi ya Nintendo ya 1989, yaani pikseli, vile vidoti vya skrini, 160 kwa 144, kila kitu kionekane cha zamani. Na maandishi yote yawe Kiswahili, hilo hatukulijadili hata, abiria wa daladala ataongea nini kingine.

Fonti, yaani seti ya herufi za kompyuta, ya kwanza tuliyoweka ni Press Start 2P, ipo bure Google Fonts, imetengenezwa kwa kufuata herufi za gemu za Namco, kampuni ya Japani, za miaka ya 80. Naipenda sana ile fonti na bado naipenda. Herufi zake kila moja inakaa ndani ya boksi la 8 kwa 8, zote upana sawasawa, kwahiyo skrini ya pikseli 160 inabeba herufi 20 kwa mstari, haiongezeki hata moja. Tukaandika "Bonyeza kitufe kuanza". Hesabu mwenyewe na nafasi zake, zinakuja 21. Herufi ya mwisho ikakatwa, ikawa "Bonyeza kitufe kuanz". Mpwa akasema anko toa neno kitufe, nikatoa, alafu sentensi iliyofuata ikakatika, na iliyofuata, mpaka nikaona tunapunguza Kiswahili ili kienee kwenye boksi lililopimwa kwa ajili ya GAME OVER. Hapo ndio nikaamua nitengeneze yangu.

Ngoja nieleze kwanza kwanini zile herufi zilikuwa vile, maana bila kuelewa hilo nisingejua nibadilishe nini na niache nini. Kwenye Famicom picha ya nyuma inajengwa kwa vigae, kila kigae pikseli 8 kwa 8, skrini nzima ni vigae 32 kwa 30, na mashine kwa wakati mmoja inakupa aina 256 tu za vigae vya kuchorea mandhari. Herufi nazo ni vigae, zinakula humohumo kwenye sufuria moja na matofali, mabomba na mawingu. Ndio maana Super Mario Bros. haina herufi ndogo kabisa, na ndio maana mawingu na vichaka vya mule ni umbo lilelile limebadilishwa rangi tu. Kila kigae kilikuwa na thamani. Alafu angalia unene, ule mtindo wa herufi ulianzia kwenye gemu za kampuni ya Atari mwaka 1976 ukaja kuenea kwa kina Namco, nguzo zinazosimama zina pikseli 2 na mistari ya kulala ina pikseli 1. Mtu ukiona unadhani ni urembo, kumbe kwenye TV za chogo mstari uliosimama wa pikseli moja unafifia na rangi zinavuja pembeni, mbili ndio zinashika. Hiyo nguzo ya pikseli 2 ndio inafanya jicho liseme hii ni herufi ya gemu, kwahiyo nikajiambia hiyo siigusi. Cha kubadilisha ni boksi.

Kazi ikaanza na herufi a. Watu wengi wanaanza na A kubwa wanashuka mpaka Z, mimi nikaanza na a ndogo kwasababu andika tu "haba na haba hujaza kibaba", herufi 22, kati ya hizo 9 ni a. Kwa Kiswahili a ikiwa mbaya ukurasa mzima ni mbaya. Mara ya kwanza niliichora ya duara na mguu kama tunavyoandika kwa mkono, ikawa inafanana na o, mpwa akasoma "hobo na hobo". Nikachora upya yenye paa, urefu pikseli 5 upana 6:

.####.
....##
.#####
##..##
.#####

Ile nafasi ya kushoto kwenye mstari wa pili ndio inayoitofautisha na o. Nilikaa nayo siku tatu, nahamisha pikseli moja narudisha, maana kwenye ukubwa huu pikseli moja ni kitu kikubwa, ukitoa ile ya kona ya juu kushoto inakuwa laini, ukiiacha inakuwa kama tofali.

Balaa lilikuja kwenye m na w. Kwa boksi la zamani unabaki na pikseli 7 za kuchora na moja ya nafasi. Herufi m ndogo ina miguu mitatu, kila mguu pikseli 2, katikati nafasi mbili, jumla 8. Haingii. Fonti za zamani zinaubana mguu wa kati unakuwa pikseli moja, na kwa Kiingereza inapita maana m na w hazikai pamoja mara kwa mara. Sisi tuna mwalimu, mwana, mwisho, mwenye, mwaka, mwizi, kila sentensi ina mw. Nilipoandika "mwisho" kwa herufi za kubana ilitokea kama doa jeusi alafu isho.

Nilihangaika nayo karibu wiki mbili. Jibu nililipata kwa mamangu. Nilienda nyumbani Jumapili, nimekaa kwenye kochi na laptopu, na kochi la mama lina vile vitambaa vyake alivyodarizi mwenyewe, vile vya kuhesabu matundu ya kitambaa unapiga uzi wa kukatiza, vialama vya x vimepangana mpaka vinakuwa herufi. KARIBU MGENI. Nimeviona maisha yangu yote. Siku hiyo nikaviinamia nikaanza kuhesabu, nikakuta A ina matundu 6, R ina 6, M ina 9, I ina 2. Nikamuuliza, mama kwanini M umeipa tisa? Akaniangalia kama nimeuliza kwanini chai ina sukari. Akasema, "Mwanangu, M haibanwi, ukiibana inakuwa uchafu. I ndio unaibana, nafasi ya I unampa M."

Bila kompyuta, bila nini. Na vitambaa hivyo alianza kufuma kabla mimi sijazaliwa.

Nikarudi kwenye daftari nikaacha upana sawa, kila herufi nikaipa upana wake. Herufi za kawaida pikseli 6 na moja ya nafasi, jumla 7. m na w pikseli 8 na moja, jumla 9. i na l pikseli 2 na moja, jumla 3. f na t zinachukua 5, nafasi ya kati ya maneno 4. Hapo nikapiga hesabu ya neno "mwalimu", kwa mtindo wa zamani ni herufi 7 mara 8, sawa na 56. Kwa mtindo wa mama ni 9+9+7+3+3+9+7, inakuja 47. Yaani m na w zimenenepa na neno zima limepungua. Na ile sentensi yetu, "Bonyeza kitufe kuanza", iliyokuwa inataka pikseli 168, ikakaa kwenye 133, ikabaki nafasi. Nilimpigia mpwa usiku huohuo.

Kitu kingine ni mikia. g, j, p, y zinahitaji kushuka chini ya mstari, na kwa Kiswahili ng na ny zimejaa, nyanya, ngoja, nyongo. Kwenye boksi la urefu wa 8 mkia unapata pikseli moja tu, g inafanana na 9 iliyokaliwa. Nikaongeza urefu ukawa 10, nane juu ya mstari na mbili chini. Na hapa bahati ikanikuta, programu niliyotumia ni FontForge, ya bure, na yenyewe ukifungua fonti mpya inakupa kimo cha yuniti 1000, 800 juu na 200 chini. Kwahiyo pikseli yangu moja ikawa yuniti 100 kamili, hakuna desimali hakuna kuhangaika.

Herufi za kwanza kama kumi na mbili nilichora miraba kwa mkono mle ndani, mraba mmoja mmoja, inachosha vibaya. Baadae mpwa akaniandikia kaskripti, kaprogramu kadogo ka lugha ya kompyuta ya Python, maana FontForge inakubali Python, mi naandika herufi kwenye faili la maandishi kwa nukta na alama za reli kama ile a hapo juu, kaskripti kanasoma kanachora miraba yote. Ila ukishachora usisahau kuchagua zote na kubonyeza Remove Overlap, inayounganisha miraba iwe umbo moja, mi nilisahau, fonti ikatoka ina vistari vyembamba vyeupe kati ya mraba na mraba, kwenye skrini ya simu unaona herufi kama ukuta usiopigwa lipu.

Na saizi. Fonti ya namna hii inatakiwa itumike kwa 10, 20, 30, basi, mafungu ya urefu wake. Nilijaribu 16 nikaona mguu mmoja wa n mnene mwingine mwembamba, nikadhani nimekosea kuchora, nikakagua weee, kumbe pikseli moja inalazimishwa iwe moja na sehemu sita za kumi, na skrini haina vipande vya pikseli. Kwenye Godot zima na ile kitu ya kulainisha kingo, antialiasing, la sivyo kila herufi inapata ukungu wa kijivu.

Sasa ng'. Hii ndio iliniuma zaidi, maana nilidhani nimeshamaliza. Kuna abiria kwenye gemu anapanda na ng'ombe, tunaandika "Ng'ombe nauli yake nani?" Nilikuwa nimechora ritifaa vizuri, pikseli 2 na moja ya nafasi, nikaisogeza ikalie karibu na g, nikijaribu mwenyewe inatokea safi. Mpwa akaleta maneno yote ya gemu kwenye faili moja, tukaendesha, kila penye ng' pana kiboksi kitupu. Ng□ombe, ng□oa, king□ora. Nikafungua fonti, ritifaa ipo. Nikaandika mwenyewe, inaonekana. Nikabandika ya kwake, kiboksi. Tulihangaika mpaka saa saba usiku ndio tukagundua maneno aliandikia kwenye Word, na Word ukipiga ile alama iliyonyooka inaibadilisha inakuwa ya kupinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa, kila moja na namba yake, iliyonyooka ni U+0027 na ya kupinda ni U+2019, na mimi nilichora moja tu. Suluhisho ni dakika moja, unanakili kwa Copy Reference unabandika kwenye namba ya pili, nikaweka na U+02BC, namba nyingine ya alama kama hiyo, humohumo kwa wanaoandika lugha zetu nyingine. Nawaambia hivi kwasababu Mswahili yeyote atakayechora fonti, shida hii itamkuta, kwa Kiingereza ritifaa ikikosekana neno bado linasomeka, kwetu ng'oa na ngoa sio neno moja.

Fonti nimeiita Kitambaa. Hakuna herufi niliyokopi kutoka gemu yoyote, nilichochukua ni ile nguzo ya pikseli 2 na hisia yake, na leseni niliyoiweka ni ile ya wazi ya shirika la SIL, inaitwa OFL, anayetaka atumie, abadilishe, aongeze. q na x nimezichora pia japo zimekaa hazina kazi.

Mama nilimpelekea karatasi nimeprinti herufi zote kwenye viboksi, kubwa na ndogo. Yeye miaka yote anafuma herufi kubwa tu, ndogo hakuwa na mfano wake wa matundu. Akavaa miwani akapitisha kidole mstari kwa mstari, a akaikubali, m akacheka, alipofika kwenye j akasimama. Akasema nukta ya juu imekaa kushoto na mkia umeenda kushoto vilevile, ikikaa kwenye kitambaa itaonekana inaanguka. Nikaangalia kwenye laptopu, kweli. Nukta nimeisogeza pikseli moja kulia, na kitambaa cha kwanza cha herufi ndogo ameshakianza, kimefika "karibu m".